PUGI SI MWIZI WA MBEGU

Wakati wa kupanda, mkulima akiona njiwa wadogo wakitembea kati ya mistari ya mahindi husema mara moja, "Wezi wamefika!" Mwingine huwatupia mawe. Mwingine, na hilo ni baya zaidi, huwatilia sumu katika punje. Lakini yafaa kwanza ajue ni njiwa gani anayemwona, maana njiwa wa porini si wa namna moja.

Katika nchi yetu ya majani chai, toka Kericho mpaka Bomet, njiwa waokotao chakula chini ni hasa wa koo mbili. Ukoo wa kwanza ni tetere. Hao ni wakubwa kidogo, na wengi wana utepe mweusi nyuma ya shingo. Hupenda kukusanyika mahali penye punje zilizomwagika. Wataalamu huwaita Streptopelia.

Ukoo wa pili ni pugi, yaani Turtur. Hao ni wadogo, nao hukaa mmoja mmoja au wawili wawili kando ya msitu na vichaka. Akiruka ghafula mbele yako utaona wekundu wa kahawia katika mabawa, na mistari miwili myeusi karibu na mkia. Sauti yake huanza polepole, "du... du... du", kisha huenda mbio mpaka ikafifia.

Pugi wako aina 5, wote wa Afrika. Kwetu yupo mwenye uso na tumbo jeupe, na mwenye madoa ya buluu bawani na mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano. Ndugu yao mwenye madoa ya kijani hupenda nchi kavu.

Kuwapanga ndege hawa kulichukua miaka mingi. Mwaka 1766 Linnaeus wa Sweden alimwandika pugi wa madoa ya buluu katika ukoo mmoja na njiwa wa kufugwa. Mwaka 1783 Boddaert wa Uholanzi akaanzisha jina Turtur. Baadaye vitabu vingine viliwapa tetere jina hilo hilo, na pugi wa tumbo jeupe akatengwa peke yake. Siku hizi amerudishwa kwa ndugu zake, kwa kuwa mabawa, mgongo na sauti vyaonyesha kuwa ni wa ukoo mmoja.

Mkulima ana faida gani katika habari hii? Pugi huokota mbegu ndogo za nyasi, mbarika zilizoanguka, na mchwa. Hachakuri udongo kama kuku. Mbegu ya mahindi iliyofukiwa vizuri, kadiri ya inchi 2, haipati. Kila mbegu ya gugu anayoimeza imekupunguzia kazi ya jembe.

Basi fanya hivi. Fukia mbegu zako zote, na okota zile zilizomwagika, ili tetere wasialikwe. Wimbi likiiva, weka mlinzi. Usitumie sumu kamwe: sumu haichagui, nayo yaweza kumwua kuku wako, mbwa wako, hata mtoto. Tena acha vichaka kidogo kando ya kijito; huko pugi hujenga tago lake la vijiti vichache na kutaga mayai 2.