Breki za Gari Kuukuu katika Nchi ya Milima

Nchi yetu ya Mbeya na Iringa ni nchi ya milima, na msafiri hana njia isiyopanda na kushuka. Atokaye Morogoro kwenda Iringa hukutana na Kitonga. Aendaye Matamba kutoka Chimala hupanda barabara ambayo watu wameiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Aondokaye Tukuyu kwenda Kyela huteremka mita karibu 1,000 kabla ya kufika tambarare ya Ziwa Nyasa. Katika njia hizi, hasa zile za pembeni zisizo na lami, Land Rover kuukuu zingali zikifanya kazi: zabeba wagonjwa, mbolea, viazi, mabati ya shule, na pengine jeneza pamoja na wafiwa. Gari lenye injini mbovu litasimama njiani, na abiria watalala na njaa. Lenye breki mbovu halitasimama.

Siku ya 7 Juni 2025, katika mteremko wa Iwambi, Mbeya, lori lilishindwa breki likagonga magari mengine, mojawapo basi dogo la abiria, na watu 28 wakafa. Lori ni kubwa kuliko Land Rover, lakini mteremko haubagui.

Wenye magari ya zamani huuliza mara nyingi: "Nitie breki gani za kisasa?" Swali ni jema, ila limetangulia mahali pake. Liulizwe kwanza hili: "Breki zangu zaugua nini?" Maana kila kiungo kipya huponya ugonjwa mmoja tu, na anunuaye dawa kabla ya kuujua ugonjwa hupoteza fedha, na huenda akapoteza na roho. Magonjwa yenyewe ni matatu: kuvuja, joto, na maji.

Jinsi breki ifanyavyo kazi

Dereva akikanyaga pedali husukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni husukuma mafuta ya breki katika vibomba mpaka kwenye silinda ndogo zilizo magurudumuni, nazo hutanua viatu viwili vya breki, vikausugua ukuta wa dramu, yaani ile ngoma ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa pampu ya baiskeli. Ijaze maji, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma: mti wake hausogei. Mwaga maji, iache na hewa tupu, sukuma tena: wasogea, kisha warudi kama springi. Breki ni vivyo hivyo. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo nguvu ya mguu yafika gurudumuni. Upepo au mvuke ukiingia katika vibomba, mguu washindilia upepo, na gurudumu halina habari.

Ugonjwa wa kwanza: kuvuja

Ukiona pedali yazama polepole chini ya mguu, au mafuta yapungua kila juma katika kikopo chake, kuna mahali panapovuja. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu. Tazama mipira ya breki kama imepasuka. Tazama na vibomba vya chuma karibu na chesisi, ambako matope hukaa na kutu huanza. Raba za silinda zilizochakaa hubadilishwa, walakini ukuta wa ndani wa silinda ukiwa na vidonda vya kutu, raba mpya haitadumu. Yafaa ununue silinda nzima.

Angalia pia sili za magurudumu. Zikichoka, oili ya ekseli huingia katika dramu na kulowesha viatu. Kiatu kilicholowa oili hakifutwi kwa petroli kikarudishwa. Tia vipya, tena vya magurudumu yote mawili, kulia na kushoto, ili gari lisivutwe upande mmoja.

Wako watu ambao mafuta yakiwaishia njiani hutia maji ya sabuni au oili ya injini. Maji huleta kutu, na huchemka upesi: mjini Mbeya, kwa kimo cha mita 1,700 hivi, maji huchemka kwa digrii 94 hivi tu. Oili ya injini huvimbisha raba zote za breki, na hapana dawa ila kuosha vibomba na kubadilisha kila raba. Aliyeokoa bei ya chupa moja atalipa bei ya silinda zote.

Sasa, juu ya kuboresha. Land Rover nyingi za kale zina njia moja tu ya mafuta: kibomba kimoja kikipasuka, magurudumu yote manne yakosa breki. Dawa yake ni masta silinda ya njia mbili, kama zilivyotiwa katika Series III za miaka ya mwisho. Njia moja ni ya magurudumu ya mbele, na ya pili ni ya nyuma. Moja ikikatika, nyingine yabaki. Kwa gari la milimani, hiki ndicho kitu ambacho ningekitanguliza kununuliwa.

Ugonjwa wa pili: joto

Gari lenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo, likishuka mita 1,000 kama kutoka Tukuyu hata Kyela, nguvu ya mshuko huo ikigeuka yote kuwa joto yatosha kuchemsha madebe manne ya maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini. Lakini dereva ashukaye kwa gia nyepesi huzitwika dramu karibu mzigo wote. Dramu ikipata moto hupanuka na kuachana na viatu, na viatu navyo hupoteza ukali wake wa kushika. Dereva akanyaga zaidi, joto lazidi, na breki zapungua nguvu wakati uleule zinapotakiwa.

Mafuta nayo huathirika. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya digrii 230. Lakini hunywa unyevu wa hewa, na yakisha kunywa sana yaweza kuchemka penye digrii 155 hivi. Mvuke ukizuka, tumerudi kwa ile pampu iliyojaa hewa. Kwa sababu hiyo yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama hayakupungua, wala chupa iliyokaa wazi isitumike.

Dawa ya joto ni chuma kikubwa zaidi au upepo mwingi zaidi. Magari mengi mafupi ya inchi 88 yalitoka kiwandani na dramu za inchi 10. Yale marefu ya inchi 109 yana za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili. Fundi mzuri aweza kulivika gari fupi breki za mbele za gari refu. Aendaye mbali zaidi hutafuta diski, kama zile za mbele za Land Rover One Ten iliyotoka mwaka 1983. Diski haifungiwi ndani ya ngoma, hivyo joto lake latoka upesi. Ila kazi hiyo ni kubwa. Diski zataka mgandamizo mkubwa kuliko dramu, hivyo masta silinda na sevo sharti zilingane nazo. Kuunganisha vipande vya magari mbalimbali bila kupima ni kuunda ugonjwa wa nne.

Neno juu ya sevo

Wengi hupenda kuanza na sevo, kwa sababu hulainisha pedali. Yapasa kufahamu kwamba sevo huukopesha mguu nguvu tu, haipunguzi joto hata kidogo. Gari lenye dramu chakavu likitiwa sevo, dereva hudhani limepona, naye hushuka kwa haraka kuliko zamani. Tena sevo hutumia mvuto wa hewa wa injini. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha, kwa hiyo huwekewa pampu yake au chombo kingine cha kuuleta mvuto huo. Na injini ikizimwa, msaada wa sevo hwisha baada ya kukanyaga mara chache. Sevo ni jema, lakini lije baada ya viatu, dramu, vibomba na mafuta kuwa vizima.

Ugonjwa wa tatu: maji

Wakati wa masika gari huvuka vijito na madimbwi, na dramu hushika maji na matope kama chungu. Ukisha kuvuka, endesha polepole huku ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke na kushika sawasawa. Fanya hivyo kabla hujafika mteremkoni. Msimu wa mvua ukiisha, dramu zifunguliwe na matope yaondolewe, kwa maana mchanga hula viatu na chuma pamoja.

Wakati wa kutengeneza

1. Zuia magurudumu kwa mawe. Handbreki ya Land Rover hizi za kale haishiki magurudumu. Hushika mti uzungukao utokao katika gia kwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kubingirika ijapokuwa handbreki imevutwa.

2. Usipulize vumbi la dramu. Viatu vingi vya zamani vilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, na watoto wakae mbali.

3. Kaza viatu kwa nati iliyo nyuma ya gurudumu mpaka gurudumu ligome kuzunguka, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke bila kukwama.

4. Toa upepo mkiwa wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nati ya kutolea upepo. Kwa kawaida huanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kikopo kisikauke mafuta hata mara moja.

5. Jaribu kwanza mahali tambarare pasipo watu. Mteremko si mahali pa majaribio.

Dereva na abiria

Breki ya kwanza ya mlimani ni gia. Mteremko ushukwe kwa gia nzito, kama ile ya kuupandia, nayo itiwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Wako madereva waachao gari libingirike bila gia, wengine hata kuzima injini, ili waokoe mafuta. Huyo ameondoa breki ya injini, ameidhoofisha sevo, na mzigo wote ameutupa juu ya viatu vinane.

Nasi tupandao tuna neno la kusema. Mzee wa nyumba, mama mwenye mtoto mgonjwa, mwalimu asafiriye na wanafunzi, wote wana haki ya kumwuliza dereva kwa adabu kabla ya safari: Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Kuna gurudumu linalovuja? Mzigo huu si mkubwa kuliko gari? Dereva mwenye akili hatakasirika, naye atajibu upesi kwa kuwa ajua. Asiyejua, na tushuke tungojee gari lingine, hata kama giza laingia na njia ni ndefu.