Jinsi akina nyanya wa Harare wanavyotibu mawazo

WASHONA wa Zimbabwe wana neno moja, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Si kutafakari. Ni yale mawazo yanayomzunguka mtu usiku kucha hadi akasadiki kwamba hana thamani wala wa kumfaa, na kwamba kesho itakuwa kama leo.

Mtu wa hali hiyo aghalabu huambiwa ajikaze, au afikirie mambo mazuri. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema lakini ni nadra kufaa, kwa kuwa aliyelemewa huyaona mawazo yake kuwa ukweli mtupu.

Katika miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alitambua kwamba wagonjwa wake wa sonona walijiwa na fikra za ghafla za kujilaumu ambazo hawakuwa wakizihoji. Beck, aliyefariki mwaka wa 2021 akiwa na umri wa miaka 100, hakuwataka wajidanganye kuwa mambo ni shwari. Aliwafunza kuidai kila fikra ushahidi. Anayesema, mathalani, "kila ninachogusa huharibika" huulizwa: Ni kipi hasa kilichoharibika? Na kipi hakikuharibika?

Lakini barani Afrika madaktari wa akili ni wachache mno. Mnamo 2005, Dkt Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa aliyejitoa uhai. Jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka uliofuata alianza kuwafunza akina nyanya 14 mtaani Mbare, jijini Harare, ili waketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mpango huo huitwa Benchi la Urafiki.

Nyanya hamhubirii mtu. Kwanza husikiliza, hatua inayoitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. (Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi sana hapo.) Kisha wawili hao huyataja matatizo yote, na mgonjwa mwenyewe huchagua moja tu, liwe kodi ya nyumba au ugomvi na mume, na hatua ndogo ya kutekeleza kabla ya kurudi. Akiitekeleza, amejipatia kwa mikono yake ushahidi ule aliousisitiza Beck, kwamba si kila jambo humshinda.

Utafiti uliochapishwa Desemba 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita walioketi na akina nyanya walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma za kawaida.

Benchi lina mipaka yake. Anayetaka kujidhuru huhitaji mtaalamu upesi. Wala umaskini hauondoki: mama aliyefungua moyo wake hurudi nyumbani na kukuta kodi bado inadaiwa, ila sasa anajua atakachomwambia mwenye nyumba Jumatatu asubuhi.