Je, Wajua? Sumu ya Samaki na Ugonjwa wa Kutetemeka

Majani ya utupa yakitwangwa na kumwagwa mtoni, muda si mrefu samaki huelea juu wakitweta. Kinachowaangusha ni sumu za jamii ya rotenoni, zinazozuia seli kutengeneza nguvu. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitangaza kwamba panya waliopewa rotenoni kidogo kidogo walikakamaa na kutetemeka kama wagonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka 2011 ikaonekana kuwa wakulima wa Marekani waliotumia rotenoni, au parakwati ya kuua magugu, walikuwa na uwezekano wa kuugua Parkinson wa takriban mara 2.5 ya wasiozitumia. Utupa wenyewe haujathibitishwa kuwa chanzo. Hata hivyo, ndugu mkulima unayeutwanga kuulia wadudu, tafadhali funika pua na mdomo, kisha unawe kwa sabuni.