Maji Kabla ya Mbio

Vijana wengi wa shule hudhani kwamba anywaye maji kabla ya mashindano atakuwa mzito na kushindwa. Fikira hiyo ni ya zamani, tena imewatesa hata mabingwa.

Tarehe 30 Agosti 1904, katika mji wa Saint Louis, Marekani, watu 32 walianza mbio za maratoni za Michezo ya Olimpiki. Miongoni mwao walikuwamo Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika ya Kusini, Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Jua lilikuwa kali, joto lapata digrii 32, na njia ilijaa vumbi. Maji yalipatikana mahali pachache mno, kwani siku zile wengi waliamini kwamba maji humdhoofisha mkimbiaji.

Thomas Hicks, aliyeshinda, aliomba maji njiani. Wasaidizi wake walimkatalia, wakampangusa kinywa tu kwa sifongo. Badala ya maji walimpa striknini, ambayo ni sumu, pamoja na ute wa yai na brandi. Alifika nusura afe, baada ya saa 3 na dakika 28. Katika wale 32, waliomaliza ni 14 tu. Taunyane alikuwa wa 9 na Mashiani wa 12.

Kwa nini ukosefu wa maji huangusha wenye nguvu? Jasho hutoka katika maji ya damu. Damu ikipungua, moyo hulazimika kupiga upesi zaidi ili kuilisha misuli. Nayo ngozi hukosa damu ya kutosha kutoa joto nje. Basi mwili huzidi kuwaka. Wataalamu wameona kwamba, hasa penye joto, nguvu za wengi hupungua wakipoteza zaidi ya sehemu 2 katika 100 za uzito wao. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni kama lita moja na robo ya jasho. Anayeanza mbio akiwa na kiu tayari ameanza kupungukiwa.

Basi afanyeje? Tuseme mashindano yataanza saa 9 alasiri. Mwaka 2007 chama cha waganga wa michezo cha Marekani kilishauri hivi: saa nne kabla, yaani saa 5 asubuhi, mkimbiaji anywe polepole mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito wake. Yule wa kilo 60 atakunywa mililita 300 hadi 420, yaani kikombe kikubwa kimoja au zaidi kidogo. Ifikapo saa 7 autazame mkojo wake. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, yatosha. Ukiwa mwekundu kama chai, au kama hajakojoa, aongeze mililita 180 hadi 300. Hivyo figo zitapata nafasi ya kutoa maji yaliyozidi kabla ya mbio. Chakula chenye chumvi kidogo husaidia mwili kuyashika maji. Nayo maji yawe safi, yaliyochemshwa.

Lakini jihadharini, kupita kiasi nako ni hatari. Katika maratoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu. 13 katika kila 100 walionekana kuwa na chumvi pungufu mno, na wengi wao walikuwa wamekunywa maji mengi kupita jasho lililowatoka. Chumvi ya damu ikipungua hivyo, ubongo huweza kuvimba, na mtu hufa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo asiwepo atakayejishindilia maji tumboni eti apate nguvu kuliko wenzake. Haba na haba hujaza kibaba.

Ninyi wazazi, siku ya mashindano mpeni mtoto maji tangu asubuhi. Nasi walimu tusimcheke mwanafunzi asemaye ana kiu, wala tusimnyime maji kwa kumfunza uvumilivu. Hicks alivumilia, akapata ushindi. Lakini kikombe kimoja cha maji kingalimfaa kuliko sumu ile.