Ugumu wa Kupata Chanjo ya UKIMWI

Askari anayesikia kwamba ndui ilitokomezwa duniani kwa chanjo ana haki ya kuuliza kwa nini UKIMWI, ambao virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1983, hauna chanjo hadi leo.

Ikumbukwe kwamba chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kwa sare yake. Virusi hivi hubadili sare kila vinapozaliana, hata ndani ya mtu mmoja. Baya zaidi, huzivamia chembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili, na vingine hujificha humo kwa miaka mingi, mithili ya jasusi aliyeketi makao makuu. Tena, wagonjwa wengi wa ndui walipona wakabaki na kinga. Wa UKIMWI kwa kawaida haponi kwa nguvu za mwili wake, hivyo wataalamu hawana ushindi wa kuuiga.

Uganda ilianza majaribio mwaka 1999, ya kwanza barani Afrika, kwa watu 40. Baadaye mjini Dar es Salaam walijitolea watu 60, wakiwamo askari polisi, ingawa baadhi ya jamaa zao waliwaonya. Miili yao iliitikia chanjo vyema; lakini kuitikia siyo kukingwa. Jaribio kubwa zaidi, lililoendeshwa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, lilisitisha uchanjaji mwaka 2023, ilipobainika kwamba hapakuwa na matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizo.