Istilahi za Uongozi wa Kanisa Katika Ufuko wa Kisumu

Istilahi za uongozi wa Kanisa Katoliki zimeingia katika Kiswahili kwa njia mbalimbali: askofu, kasisi na shemasi kutoka Kiarabu, padre kutoka Kireno. Imani inayoziunganisha ni kwamba maaskofu ni waandamizi wa Mitume, na Papa ni mwandamizi wa Petro.

Jimbo, kwa Mkatoliki, ni eneo la askofu. Kwa Mkenya mpiga kura, ni eneo la mbunge. Utata huu ni mdogo, na Kisumu ilipofanywa Jimbo Kuu mwaka 1990 muktadha uliuondoa.

Neno papa ni zito zaidi (tumwache yule samaki wa pwani, ambaye ziwani hayumo). Mwaka 1963 Wakatoliki wengi Waluo walijitenga pamoja na Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, likazaliwa kanisa la Legio Maria, lenye papa, makadinali na maaskofu wake. Kwa hiyo fasili ya kamusi isemayo kwamba papa ni mkuu wa Kanisa Katoliki tu inawaacha nje wasemaji hawa. Baba Mtakatifu nayo haitufai, kwa kuwa ni jina la heshima, si la cheo. Kwa maoni yangu, kamusi itoe maana mbili, na anayemkusudia wa kwanza aandike Papa wa Roma.