Sheria, Njia ya Kuendea Maji

Neno "sheria" tunalitumia kila siku bila kulifikiria. Kuna sheria za barabarani, kuna kitivo cha sheria, na kuna sheria ya dini tuliyofundishwa madrasa tukiwa wadogo. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu cha kale maana yake ilikuwa njia ya kuendea maji, yaani pale watu na mifugo wanapoteremka kunywa. Hapa Omani maana hiyo haijafa. Katika vijiji vya ndani, mahali ambapo maji ya falaji hutoka chini ya ardhi na kuonekana kwa mara ya kwanza panaitwa sharia mpaka leo. Hapo ndipo yanapotekwa maji ya kunywa, kabla hayajatumiwa kwa jambo jingine lolote.

Tumezoea kusema kwamba maji ni uhai. Ni kweli, ila msemo huu umerudiwa mpaka umechakaa. Falaji inatufundisha jambo la ziada: maji huwa uhai wa watu wote pale tu yanapokuwa na utaratibu. Dini imelisema hilo kwa njia yake na sayansi kwa njia yake, na kwenye falaji njia hizo mbili zinakutana.

Maji hayapandi mlima

Wazee wanasema maji hayapandi mlima. Falaji imejengwa juu ya ukweli huo. Omani hupata kwa wastani milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka, wakati Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Nchi hii haina mito mikubwa ya kudumu. Mvua ichache inayonyesha milimani hupenya katika nyufa za mawe na katika changarawe za mabonde, ikajikusanya chini ya ardhi.

Mafundi wa zamani waliyafuata maji hayo huko huko. Walichimba kisima cha kwanza karibu na milima, kinachoitwa mama wa falaji. Kutoka hapo walichimba njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo sana, ikaenda kilomita kadhaa mpaka kijijini. Mteremko ukizidi, maji hula kuta za njia. Ukipungua mno, mchanga hutuama na njia huziba. Juu ya njia hiyo walitoboa mashimo ya wima, moja baada ya jingine, ili hewa iingie na udongo utolewe. Palipokuwa na bonde la kuvuka, waliyashusha maji kwenye shimo upande mmoja, wakayapitisha chini ya bonde, nayo yakapanda upande wa pili karibu na kimo kilekile kwa nguvu ya mgandamizo. Hawakuwa na pampu wala injini. Kazi yote ilifanywa na uzito wa maji yenyewe.

Falaji za namna hii huitwa daudi. Nyingine huitwa aini, zinazoanzia kwenye chemchem, na nyingine ghaili, zinazochukua maji yanayotiririka mabondeni. Jina la daudi lina kisa chake. Inasimuliwa kwamba Nabii Sulaiman bin Daudi alifika Omani, akaona ukame wa nchi, akawaamuru majini wachimbe falaji 10,000 kwa siku 10. Wanaakiolojia wana maelezo mengine: mifumo ya kumwagilia mashamba katika eneo hili ina dalili za tangu takribani mwaka 2500 kabla ya Kristo. Lakini kisa hicho kina maana yake. Waliokisimulia waliiona kazi hii kuwa kubwa kupita uwezo wa binadamu, wakaihesabu kuwa neema.

Hata kiongozi alipimwa kwa maji. Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, anakumbukwa nyumbani kwa kuchimba na kufufua falaji na kupanda mitende na minazi kwa maelfu. Watu wa Mombasa wanamjua kwa ngome. Watu wa bara la Omani wanamjua kwa mashamba.

Mwenye shamba anamiliki muda

Jina "falaj" linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupasua na kugawa. Ukifika Birkat al-Mouz, karibu na Nizwa, utaliona jina hilo kwa macho. Falaji ya al-Khatmayn inapofika hapo hugawika katika mikondo 3 iliyo sawa. Hii ni mojawapo ya falaji 5 za Omani zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyingine ni Daris, al-Malki, al-Muyassar na al-Jeela.

Baada ya hapo unakuja mgawo wa watu. Mwenye shamba hamiliki maji kwa ndoo wala kwa tangi. Anamiliki muda. Kipimo chake ni athari moja, kiasi cha nusu saa ya mkondo kuelekezwa shambani kwake. Athari 24 zinafanya bada moja, ambayo ni saa 12. Zamani zamu za mchana zilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na za usiku kwa nyota zinazochomoza juu ya vilima vinavyojulikana na wanakijiji. Mkulima aliyengoja zamu yake usiku alilazimika kuisoma mbingu. Siku hizi wengi hutumia saa ya mkononi, lakini zamu ni zilezile.

Msimamizi wa falaji anaitwa wakili. Anayeangalia ugawaji wa zamu anaitwa arifu. Anayenadi hisa za maji zinazouzwa ni dalali, na fedha zake husaidia kulipia matengenezo. Ziko pia hisa za wakfu, ambazo mapato yake huenda kwa msikiti, kwa madrasa, kwa futari ya Ramadhani au kwa maskini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Sheria, athari, wakili, arifu, dalali, wakfu: maneno haya yalitufikia pwani kwa njia ya dini, biashara na mahakama, tukayafanya yetu. Huku tunayakuta yamesimama ukingoni mwa maji.

Kinywa kwanza

Utaratibu wa falaji unafuata mkondo wenyewe. Penye sharia watu huteka maji ya kunywa. Chini kidogo ni msikiti na mahali pa kutia udhu, kisha mahali pa kuoga na kufua. Baada ya hapo maji huingia mashambani, kwanza kwenye mitende, kisha kwenye mashamba ya msimu ya mboga na nafaka. Ukame ukija, mashamba ya msimu huachwa na mitende hulindwa. Mboga utaipanda tena mwakani, lakini mtende uliokufa unahitaji miaka mingi kurudi.

Mtu wa dini ataona hapo haki na tohara. Mwanafunzi wa afya ya jamii ataona kinga ya maradhi. Mwaka 1854 huko London, daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kipindupindu katika mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya pampu moja. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa mbaya. Vijiji vya falaji havikuwa na hadubini, lakini vilikuwa vimekwisha kuweka kinywa juu na uchafu chini.

Zanzibar ililipata somo hilo kwa uchungu. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu katika Afrika Mashariki, na mji wa Zanzibar uliumia sana. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikatolewa mwaka 1876. Sayyid Barghash alishika utawala mwaka huohuo wa 1870, na kabla ya kufariki mwaka 1888 alikuwa ameuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchem ya nje ya mji. Katika majengo na njia nyingi za enzi yake, kazi hiyo ndiyo iliyoingia katika kila nyumba iliyokuwa na mtungi.

Chembe ndogo, kazi kubwa

Kwa nini maji, na si kimiminika kingine? Molekuli ya maji ina atomu 2 za haidrojeni na moja ya oksijeni. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi, kwa hiyo upande mmoja wa molekuli una chaji hasi kidogo na upande mwingine chaji chanya kidogo. Tofauti hiyo ndogo hufanya molekuli zishikane, na kutokana na kushikana huko tunapata karibu kila kitu. Maji huyeyusha chumvi na sukari, hivyo damu inaweza kubeba chakula. Hupanda ndani ya vishipa vyembamba vya mtende mpaka kileleni. Huhitaji joto jingi ili kugeuka mvuke, ndiyo maana jasho linatupoza katika joto la Maskati mwezi wa Juni. Hata oksijeni tunayovuta hutoka kwenye maji, kwani mimea huyapasua kwa nguvu ya jua. Kiasi cha asilimia 60 ya mwili wa mtu mzima ni maji.

Aya ya 30 ya Suratul-Anbiyaa inafundisha kwamba kila chenye uhai kimetokana na maji. Baadhi yetu hupenda kuichukua aya hii kama jibu la mtihani wa biolojia, na kudai kwamba sayansi imechelewa tu. Nadhani huko ni kuipunguza aya. Sayansi inaeleza maji yanavyofanya kazi, nayo aya inamuuliza msomaji atafanya nini baada ya kujua. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanajibu: watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na maji yasifanyiwe israfu hata kama mtu anatia udhu kwenye mto unaotiririka. Mto hautapungua kwa kiganja kimoja. Kinacholindwa hapo ni tabia ya mtu.

Pampu na bomba

Falaji ina kikomo cha asili: haiwezi kuchukua zaidi ya kile ambacho mlima unatoa. Maji ya chini yakishuka, mkondo hupungua, na kijiji kizima huona. Pampu haina aibu hiyo. Yakishuka, mwenye kisima huchimba zaidi, na jirani hajui mpaka falaji yake ikauke. Kwa sababu hiyo kanuni za zamani ziliweka harimu, eneo la kuizunguka falaji ambalo ni marufuku kuchimba kisima kingine. Katika hesabu ya kitaifa iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990, Omani ilikutwa na falaji 4,112, na zilizokuwa hai zilikuwa 3,017. Zaidi ya 1,000 zilikuwa zimekauka. UNESCO nayo imetaja kushuka kwa maji ya chini kuwa tishio kwa zile zilizobaki.

Sisi tunaoishi mijini hatunywi tena maji ya falaji. Maji mengi ya mabombani ni ya bahari, yaliyotolewa chumvi mitamboni. Ni kazi kubwa ya sayansi, na bila hiyo Maskati ya leo isingewezekana. Lakini kuondoa chumvi kwa njia ya vichujio vya kisasa hutumia kiasi cha kilowati-saa 3 mpaka 4 za umeme kwa kila lita 1,000, na maji ya chumvi kali yanayobaki hurudishwa baharini. Bomba limetuficha gharama hiyo. Limetuficha na jirani pia, kwa sababu hakuna tena zamu ya kungojea.

Tufanye hesabu moja. Imepokewa kwamba Mtume alitia udhu kwa mudi moja ya maji, takribani theluthi mbili za lita. Wazee wetu wa pwani wangeipima kwa kibaba, kwani pishi moja ni vibaba vinne kama vile saa moja ya zaka ya fitri ilivyo mudi nne. Sasa tuseme bomba linatoa lita 6 kwa dakika, na mtu ameliacha wazi kwa dakika 3 anapotia udhu. Hizo ni lita 18, zaidi ya mudi 25. Akifanya hivyo mara 5 kwa siku, ni lita 90 kwa ibada inayofundisha kiasi.

Kurudi kuchota maji kwa mitungi si jambo la kutamani. Wanaoyasifu maisha hayo mara nyingi si wale waliobeba mitungi, na wengi waliobeba walikuwa bibi zetu. Jambo la kutamani ni ule utaratibu uliokuwa ukingoni mwa falaji: kujua maji yametoka wapi, nani yuko chini ya mkondo, na zamu yangu inaishia lini. Wanafunzi wa uhandisi katika chama chetu wanaweza kutuambia maji ya misikitini yanayotoka kwenye udhu yanavyoweza kutumika tena kumwagilia miti. Wanafunzi wa sheria wasome kanuni za harimu. Na sisi wa lugha tuna kazi yetu: wazee wanaojua majina ya nyota za zamu na majina ya sehemu za falaji bado wapo, na wengine wao wanazungumza Kiswahili. Tuwaulize mapema, tuandike, na yaliyoandikwa yatolewe katika gazeti hili.